Siku Kumi na Tatu Bila Jina

Siku kumi na tatu za kwanza za maisha yangu sikuwa na jina, na kosa halikuwa langu. Mimi kazi yangu nilikuwa nimeshaimaliza: nilizaliwa. Waliobaki na kazi ni wakubwa, na wakubwa wa Kalemie mwaka ule wa 1975 walikuwa na shughuli ya kusahau majina yao wenyewe.

Chukua Papa. Kule Ankoro alibatizwa Théophile, akasoma Théophile, akaoa Théophile. Halafu sheria ikatoka kwamba majina ya Kizungu yamekwisha, kila raia achukue jina la mababu, na siku moja Papa akarudi nyumbani akiwa Kabulo Monga. Alikuwa karani wa mizigo bandarini, mtu aliyeamini kwamba kitu kisicho na muhuri hakijafika. Akamkataza Mama kumwita Théophile hata chumbani. Mama akawa anamwita "Weye."

Mama yeye alibaki Alphonsine. Kwenye karatasi alikuwa na jina jingine, lakini simkumbuki mtu aliyewahi kulitumia. Kabla yangu alikuwa amezika watoto wawili wa kike. Wa kwanza alipewa jina zuri la ubatizo, Virginie, akaishi miezi miwili. Wa pili alipewa jina zuri la mababu, Ngoie, akaishi wiki tano. Kwa hiyo nilipozaliwa Mama hakutaka jina zuri. Alitaka jina lililoishi. Na jina lililoishi kuliko yote aliyoyajua ni la mama yake, Emilie, aliyefariki miezi minne kabla yangu akiwa na miaka sitini na minane na meno yake yote.

Siku ya tatu akanipeleka kuandikishwa. Karani wa kuandika watoto alikuwa jirani yetu, na pale mtaani wote tulimjua kama Casimir. Lakini ofisini alikuwa Sitwayen Lumbwe, yaani Raia Lumbwe, na hakutaka masihara.

"Jina ya mutoto?"

"Emilie."

"Sitwayeni, hiyo haiko jina. Sheria inaomba jina ya mababu."

"Hiyo njo jina ya mama yangu. Mubabu wa huyu mutoto njo yeye."

"Mama yako alitoa hiyo jina Ulaya."

"Mama yangu hakufika hata Kigoma!"

Casimir akafunga daftari, akamwambia arudi na mababu wa kweli.

Kuanzia siku ile nikagoma kunyonya. Kwetu jambo hilo halina siri: mtoto mchanga akikataa titi, kuna mzee wa ukoo anayetaka kuitwa. Unamwekea titi mdomoni, unataja majina ya wazee moja moja, na akinyonya, basi umempata mwenyewe. Papa akaleta majina kumi na moja ya kwao, akayasoma amesimama wima, kama anapokea shehena. Nikayalilia yote kumi na moja. Majirani wakaja kusaidia, kila mmoja na bibi zake. Florent, fundi wa umeme aliyekuwa likizo, alimaliza ukoo wake wote, akachoka, akaanza kutueleza habari za kazi yake kule Bendera. Aliposema "Bendera" nikanyonya mara tatu. Papa alikuwa ameshashika kalamu. Ilibaki kidogo tu niitwe kwa jina la mtambo wa umeme, lakini nikatema.

Watu walicheka. Mama hakucheka. Yeye alikuwa akitazama mikono yangu inavyopungua, akinikamulia maziwa kwenye kijiko. Siku ya tisa, Papa akiwa bandarini, alifunga mlango akaninong'oneza jina alilokatazwa. Emilie. Emilie. Emilie. Nikageuza uso. Hapo Mama alilia sana, kwa sababu aliona kwamba mama yake mwenyewe amenikataa, na kwamba makaburi yatakuwa matatu. Haya alinieleza nilipokuwa mkubwa, akichambua mchele, na hakuinua macho hata mara moja.

Siku ya kumi na tatu Bibi Pascasie, mdogo wake Emilie, akashuka mashuani kutoka kaskazini na mfuko wa ndagala, dagaa wa kwetu. Alisikiliza mambo yote akiwa bado na mfuko kichwani. Kisha akacheka mpaka akautua chini akaukalia.

"Mulimuita Emilie? Ataitika namna gani? Emilie ni jina ya mapadri. Dada yangu alizaliwa nyuma ya watoto saba, na wote saba walikufa. Siku alizaliwa, mama alimupeleka ku jalala, akamulalisha juu ya maganda ya mihogo, kifo kione kama hakuna muntu anamutaka. Mama mumoja jirani akapita, akamuokota, akamurudisha: 'Nimeokota takataka, munichungie.' Wakamuita Jalala. Akaishi. Miye nilikuja nyuma, njia ilikuwa imefunguka, njo maana wakanipa jina ya maana."

"Mama hakuniambia hata siku moja," Mama akasema.

"Weye ungesema?"

Papa akaruka. Binti yake, mtoto wa karani, aitwe Jalala? Akasema twende kwa Casimir sasa hivi, serikali itakataa na mambo yataisha. Mama hakubisha. Hakuthubutu hata kulitaja jina lenyewe. Kama ningelikataa na hilo, hapakuwa na jingine lililobaki.

Ofisini kulikuwa na foleni. Mama akakaa kwenye benchi, akaniwekea titi ili nisipige kelele, na Bibi Pascasie ndiye aliyesema.

"Jalala?" Casimir akasimama. "Raia wa Zaïre, Jalala?"

Nikashika titi.

"Sema tena," Mama akamwambia.

"Niseme nini? Sheria inasema wazi kama..."

Nikaacha, nikalia.

"Acha sheria! Sema jina!"

"Jalala?"

Nikavuta. Hivyo ndivyo mtumishi wa serikali, kola ya abakosti, ile suti ya serikali isiyo na tai, imembana shingo, alivyosimama mbele ya watu akitamka Jalala, Jalala, Jalala, na kila alipotaka kurudi kwenye sheria nilipiga kelele mpaka foleni yenyewe ikamzomea. Mwishowe foleni nzima ilikuwa inaitikia kama watu wa rozari. Papa akajaribu kuingia kati.

"Lakini, Casimir..."

"Sitwayen Lumbwe!"

"Jalala!" Mama akawafokea wote wawili, machozi yakimtiririka, na mimi nikimeza.

Casimir akakaa, akachovya kalamu. "Na jina ya pili?"

"Muokotwa," akasema Bibi Pascasie.

Jalala Muokotwa. Papa alipoona muhuri umepigwa, akatulia. Kwake sasa nilikuwa nimefika.

Sitadanganya kwamba lilikuwa jina jepesi. Shuleni kila aliyefagia darasa aliniuliza takataka amwage wapi. Nilipigana sana, na mara nyingi nilishinda. Halafu mwaka wa 1990 ikatangazwa kwamba kila mtu yuko huru na jina lake. Papa akawa Théophile kabla ya chakula cha mchana. Casimir akajiandika Casimir kwa mkono wake mwenyewe. Mama akanivalisha viatu vya misa, akasema twende tukaandikishe Emilie, jina la bibi yangu, hakuna wa kutukataza tena. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, na nilikuwa nimelitaka jina lile kila siku tangu darasa la kwanza.

Mlangoni nikasimama. Uani wadogo zangu walikuwa wanapigania muwa.

"Mama, nyuma yangu ulizaa wangapi?"

"Wane."

"Na wako wapi?"

Akatazama uani. Akawahesabu kwa kidole, mmoja mmoja.

"Wote wane wako pale."

"Basi jina yangu ikae."

Nikavua viatu vya misa, nikaenda kuwaamua.