Wifi na Pedali ya Kaka

Wifi yangu ni fundi wa redio na spika, na ni mtu wa wasiwasi. Akifunga mlango hurudi kuusukuma. Nikipika chai huja kunusa kama gesi inavuja. Humtania kwamba hata akifa atafufuka aje kuangalia kama alizima taa, naye hunijibu, "Cheka tu, wifi, siku nyumba ikiungua utanitafuta." Kumtania ni haki yangu, kwa kuwa kaka yangu ndiye aliyemuoa. Lakini siku zile za pedali utani ulinikaukia mdomoni.

Kaka hupiga gitaa kwenye bendi ya kumbi za sherehe. Pedali ni kile kisanduku anachokikanyaga ili sauti ya gitaa iwe na mkwaruzo, iungurume kidogo. Ya dukani ilipoharibika, wifi alisema hanunui nyingine, atatengeneza yake, tena nzuri zaidi. Alichukua kopo la biskuti, akalitoboa kwa drili, akapanga vipande vyake ndani: rezista, diodi, na transista alizozichomoa kwenye redio mbovu. Meza ya chakula ikageuka karakana, sisi tukawa tunakula sahani zikiwa mapajani.

Pedali ilipotoa sauti mara ya kwanza nilipiga makofi. Kaka hakupiga.

"Imeziba," alisema. "Kama mtu anaongea na shuka mdomoni."

Wifi alifungua kopo, akatoa kapasita moja, akaweka ndogo zaidi ili sauti nyembamba zipite. Bado imeziba. Akaweka ndogo kuliko hiyo. Ikafika mahali niko jikoni na gitaa linaniingia kwenye meno, lakini kaka anasema afadhali, ila ongeza kidogo.

Ndipo kiongozi wa bendi alipokuja nyumbani. Alikaa ukingoni mwa kiti, chai hakuigusa.

"Shemeji, nakuheshimu sana," alimwambia wifi, "lakini kisanduku chako kinatutoboa masikio. Juzi wageni wa meza za mbele walihama. Jumamosi ikiwa vile vile, natafuta mpiga gitaa mwingine. Nisilaumiwe."

Kaka alicheka, akasema watu wana wivu. Kiongozi hakucheka.

Tangu siku hiyo wifi hakuwa na raha. Asubuhi kopo liko wazi, mchana liko wazi. Aligusa kila kiungo cha risasi ya kuchomelea kwa ncha ya bisibisi, akarudia. Chakula kilikuwa hakipiti.

"Kuna mahali nimekosea," aliniambia.

"Hujakosea, wifi. Wewe ni fundi."

Alinigeukia kwa hasira ambayo sikuizoea. "Usiseme hivyo! Bora niwe nimekosea."

Nilidhani uchovu umemchanganya.

Ijumaa alirudisha kapasita za mwanzo, akaweka na kitufe kipya pembeni cha kuongeza na kupunguza ukali, ili kaka achague mwenyewe. Waya wa kitufe hicho alikuwa hajauchomelea bado. Ulikuwa unaning'inia nje ya kopo, na mimi niliuona. Kaka akaingia na haraka zake, akachomeka gitaa kabla wifi hajafungua mdomo. Akapiga uzi mmoja, akazungusha kitufe. Akapiga tena, akazungusha. Sauti ilikuwa ile ile, haikupanda wala kushuka.

"Hapo!" alisema. "Hapo hapo, usiguse."

Wifi aliushika ule waya, akauinua kaka auone.

"Hakijafungwa, bwana. Hicho kitufe hakifanyi kazi yoyote."

Nilitegemea kaka apandishe, maana hasira zake ziko karibu. Alikaa chini, gitaa likiwa bado shingoni.

"Zile sauti nyembamba sizisikii tena," alisema. "Mwanzoni nilidhani ni pedali kweli. Tangu yule bwana aje hapa, naangalia uso wako. Ukikunja, najua imezidi. Ukikunjua, nasema hapo."

Masikini, uso wa wifi haukuwa umekunjuka. Ulikuwa umeishiwa nguvu tu. Alilia waziwazi, na mimi nikalia, na kaka akatubembeleza wote wawili kana kwamba sisi ndio wagonjwa.

"Jumatatu hospitali," wifi alisema.

"Jumatatu nitakwenda. Lakini usimwambie kiongozi. Sina kazi nyingine, mke wangu."

Wifi alichukua chuma chake cha kuchomelea, akaufunga waya.

Jumamosi tulikaa meza ya mbele, usoni pa jukwaa, ili kaka auone uso wa wifi. Hebu fikiria mtu mwenye wasiwasi kama yule kuambiwa asikunje uso usiku kucha! Mhudumu alipoangusha glasi wifi akashtuka, na kaka palepale akainama kupunguza ukali. Ilibidi amtikisie kichwa arudishe. Nilimshika wifi mkono chini ya meza, huku juu anatabasamu mpaka mashavu yanamtetemeka. Lakini gitaa lilitulia. Lilikuwa na mkwaruzo mtamu, na hakuna aliyehama. Niliogopa hata kufurahi.

Muziki ulipokwisha kaka alichuchumaa jukwaani kukunja nyaya zake. Kiongozi akaja kwa nyuma.

"Leo umepiga, bwana."

Kaka aliendelea kukunja.

"Nakwambia leo umepiga!"

Kaka hakugeuka. Kiongozi alibaki amesimama, mkono wake umeelea hewani karibu na bega la kaka. Kisha akatutazama, mimi kwanza, halafu wifi, na furaha ikamtoka usoni taratibu. Akashuka mpaka mezani petu.

"Shemeji," aliuliza kwa sauti ya chini, "tangu lini?"

Nilimfinya wifi. Nilitaka aseme kaka amechoka, ana mafua, chochote kile. Wifi alimtazama mumewe pale juu, ambaye alikuwa bado anahangaika na fundo la waya, hana habari.

"Muulize mwenyewe," alisema. "Lakini simama mbele yake."