Kijitu cha Karatasi

Mwalimu wa darasa la maandalizi ya usanifu majengo hajui kusema "nzuri" wala "mbaya". Ana "mmh" tu, na mmh zake zote ni mapacha. Kucha zake zimeganda gundi, na mfukoni mwa shati hubeba kijitu cha karatasi, kirefu kama kidole gumba. Kila asubuhi huchutama mbele ya mfano wa jengo wa mwanafunzi, akakiweka kijitu ndani, akafumba jicho moja, kisha akakitoa. "Mmh." Nesi mmoja darasani, aliyeacha wodi baada ya miaka tisa ili aombe kusomea shahada ya juu ya fani hiyo, ameshaibomoa zahanati yake ya kadibodi mara nne kwa sababu ya hizo mmh, na bado hajui ashike lipi.

"Mwalimu, maombi yanafungwa Ijumaa," alimwambia jana. "Niitume hii, au nianze upya?" Mwalimu akachutama. Akakikalisha kijitu kwenye benchi la wagonjwa, chini ya dirisha, akakitazama mpaka miguu ikamfa ganzi. "Mmh," akasema, akajiendea zake, kijitu kikabaki humohumo. Kasahau, masikini, nesi akawaza. Leo mwalimu kaingia, kapapasa mfuko, kakuta mtupu. Nesi akapeleka vidole dirishani akitoe amrudishie.

"Mwache," mwalimu akasema, huku akichukua mkasi na karatasi akate kijitu kingine. "Huyo bado anamsubiri daktari."