Marubani Wawili wa Nyumba Moja

Siku mjukuu wake wa kike alipofuzu kurusha ndege za kivita, babu alivaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto kwa furaha. Sebule ilijaa vigelegele. Jirani akasema, "Hatimaye nyumba hii imepata rubani!"

"Imepata wa pili!" babu akadakia. Maisha yake yote ya kazi alikuwa akipanda meli za wageni na kuziongoza hadi gatini, zisije zikagonga mwamba.

"Babu, kwani rubani si wa ndege?" mjukuu akauliza, kofia ya jeshi imemkaa upande.

"Wee, mke wangu! Neno hilo tulilitoa kwenye Kiarabu, nalo lilikuwa la mwongoza chombo majini. Ndege zilipokuja zikaliazima. Mpaka leo hazijarudisha!"

Mjukuu akacheka hadi akakaa sakafuni. Kisha akasimama wima, akampigia saluti. "Rubani mkuu, tunaelekea wapi?"

"Jikoni, kwenye keki!"

Wakatanua mikono kama mabawa, wakaizunguka meza wakinguruma, babu mbele, pazia limemnasa begani, na mama mtu akiwakimbiza na mwiko, naye mbavu hana.