Zaka ya Mzee Emilian

Mzee Emilian Tluway ana sauti ya kuamsha usharika mzima, na kila Jumapili ya mavuno hapa kwetu Karatu ni yeye anayesimama kufundisha habari za zaka. Tunamwachia. Mchungaji akigusia zaka, watu hunong'ona kwamba anajililia njaa. Akisema mzee wa kanisa mwenye shamba zuri kama lile la Emilian, wanasikiliza.

Mwaka huu alifundisha vizuri kuliko miaka yote. Alisema kabila la Lawi halikugawiwa shamba, fungu lao lilikuwa Bwana mwenyewe, na chakula chao kilitoka kwenye zaka ya ndugu zao. Akasema kuhani alimkagua mnyama kabla ya madhabahu, na mwenye kilema hakupita. Kisha akamnyooshea mkono mwinjilisti wetu, Nikodemu, mtu wa Kakesio, ambako ni hifadhi, watu wanafuga tu na kulima hawaruhusiwi.

"Mlawi wetu ndiye huyu. Hana hata tuta la sukuma wiki. Tumlishe."

Tukapiga makofi. Hatukujua kwamba gunia ambalo Emilian mwenyewe alimpelekea lilikuwa na mahindi yaliyonyeshewa shambani, meusi, yamefanya ukungu, na juu kabisa ameweka mazuri kidogo ya kufunikia. Mkewe Marsela alimwambia wakati wa kulishona kwamba hayo hata nguruwe hapewi. Akajibu kwamba mwinjilisti hajui mahindi, anajua ng'ombe. Mzee mzima, mwenye kiti chake mbele kanisani, alisema hivyo bila kupepesa macho.

Juma lililofuata Nikodemu akamwalika chakula cha mchana. Emilian akavaa koti, akidhani anakwenda kushukuriwa. Nje ya mlango akamkuta Naipanoi, mke wa mwinjilisti, ameketi na wanawe kwenye turubai wanachambua mahindi. Rundo la mabovu lilikuwa kubwa kuliko la mazima, na kuku walikuwa wanalipita tu. Koti likaanza kumbana.

Alikula ameinamisha kichwa. Ugali ule ulitoka kwenye lile rundo dogo, na alijua.

Walipomaliza, Nikodemu akasema, "Pole sana, mzee. Mbona hukutuambia?"

"Kuhusu nini?"

"Mavuno. Kwetu mtu akileta mnyama aliyekonda, tunajua ukame umepita bomani kwake na huyo ndiye aliyebaki. Tulipofungua gunia tukaona yale mazuri yako juu, tukasema, mzee amekwangua ya mwisho akatuletea sisi. Naipanoi alilia."

Emilian akafungua kifungo cha koti.

"Ulitufundisha habari za Walawi," Nikodemu akaendelea, "lakini Walawi nao walitoa zaka katika zaka waliyopokea. Sisi tulikuwa hatujatoa. Na kwetu, mtu akiishiwa mifugo, jamaa humwanzishia mingine."

Naipanoi akaja na mbuzi jike, matiti yamejaa. "Wajukuu wapate maziwa, mzee, mpaka msimu mwingine."

Kukataa kungemlazimu aseme sababu. Akapokea kamba. Tena akashukuru, na hilo ndilo linalomchoma zaidi mpaka leo, kwamba alisema asante na wale watu wakafurahi.

Njiani kila aliyekutana naye alimsifia mbuzi. Nyumbani Marsela alikuwa mlangoni pa ghala, na nyuma yake magunia yamefika darini. Akamwuliza mbuzi ametoka wapi. Akamweleza yote, akitazama chini. Marsela hakugomba.

"Baba watoto," alisema tu, "huyo mbuzi hatalala hapa."

Emilian akarudi na mbuzi njia ileile, jua bado kali, nasi tumekaa kibarazani pa duka linalotazamana na nyumba ya mwinjilisti. Hakutusalimia. Naipanoi alimwona kwa mbali, akaacha mahindi yake akamfuata langoni.

"Kulikoni, mzee? Amekataa majani?"

Emilian alishika kamba kwa mikono miwili. Aliposema, ilibidi tunyamaze ndipo tumsikie.

"Mbuzi hana kosa, mama. Ghala langu limejaa."