Nilitoa Mpira Chini ya Sabufa Ili Mama Mkwe Ahame

Kosa ni langu. Simsingizii shetani, na wala hakuna mtu aliyenituma. Nilikuwa na akili zangu timamu, nikapanga, nikafanya, na nilipoona inafanya kazi nikarudia. Nakuambia wewe usiyenijua, maana wanaonijua wote wananiita mkwe mwema, na jina hilo linanichoma.

Nisamehe nikirukaruka. Siku hizi situlii. Nikikaa nainuka, nikishika sindano naiweka, chai naipasha moto mara tatu na bado siinywi. Tangu nianze kuandika hapa nimeshaenda dirishani sijui mara ngapi, na nje hakuna ninayemngoja.

Tunakaa Kijenge, nyumba ya kupanga, ya zamani. Mwenyewe ni mzee mmoja Mhindi ambaye babu yake ndiye aliyeijenga. Sakafu ni ya mbao, mninga mtupu, imeinuliwa juu ya boriti, na chini kuna uwazi ambao paka wa mtaa huingia kuzalia. Sebule na vyumba vyote vimekaa juu ya mbao hizohizo. Mtu akitembea sebuleni, aliye kitandani anajua ni nani.

Mume wangu ana ugonjwa mmoja tu, muziki. Siku alipoleta ile sabufa na kuifungulia, glasi zilianza kugongana kabatini, picha yetu ya harusi ikaenda upande, na watoto wakalala kifudifudi sakafuni wakicheka kwamba inawatekenya. Ikabidi aitwe fundi.

Fundi alicheka. "Bosi, mbao hizi ni ngoma. Umeweka spika juu ya ngoma, ulitegemea nini?"

Akakata vipande vinne vya mpira mnene wa tairi la lori, akavigandisha kwenye sponji ngumu, akaviweka chini ya sabufa, kila pembe kimoja. Halafu akachomeka flashi yenye sauti za kupimia spika. Kulikuwa na mngurumo mmoja wa chini sana, sikio haliupati vizuri lakini miguu inaupata. Akaupiga mngurumo huo mpira ukiwepo: sakafu kimya. Akautoa mpira, akaupiga tena: nyayo zangu zikawasha, chai ikafanya viduara kwenye vikombe. Nilikuwa nimesimama palepale na trei mkononi, nikaona yote. Laiti ningebaki jikoni!

Mpira ukarudishwa, fundi akaenda zake, flashi ikabaki kwetu.

Miezi michache baadaye akaja mama mkwe. Ni Mwarusha wa huko miteremkoni, upande wa magharibi wa Mlima Meru, mama wa ng'ombe na mahindi. Alikuja kutibiwa macho, akae wiki mbili. Wiki mbili zikawa mwezi, mwezi ukazaa mwenzake. Mume wangu hakuwa na haraka, na mwanaume gani ana haraka mama yake akiwepo?

Sasa sikiliza. Mimi ni fundi cherehani. Chumba alichopewa ndicho kilikuwa chumba changu cha kazi. Kina dirisha kubwa, mwanga mzuri, na meza yangu ya kukatia. Niliondolewa kwa siku moja, cherehani ikapelekwa barazani, vumbi langu, mvua yangu. Niliharibu gauni la bibi harusi kwa matone ya mvua, nikalia, na hakuna aliyeniuliza kulikoni.

Mama mwenyewe hakuwa mbaya. Ningependa kusema alikuwa mbaya! Alikuwa akiamka mapema na kufagia uwanja, chai yake ya maziwa haina sukari, na wajukuu walikuwa wakimgombania bibi yao, "Koko, Koko," wakitaka awakande miguu. Alikuwa na mikono ya ajabu. Aliwahi kuniambia kwamba ng'ombe akiumwa yeye hangoji daktari wa mifugo, anamwekea kiganja ubavuni na anajua. Hakuwa anajisifu. Alikuwa anaeleza tu, kama mimi ninavyoweza kueleza pindo.

Siku ile nilikuwa napiga sakafu polishi. Mume kazini, watoto shule. Nikaitoa sabufa, nikatoa na mpira nipitishe tambara, nikairudisha bila mpira kwa kupitiwa tu. Nilipoufungulia muziki flashi ile ndiyo ilikuwa imechomekwa, na ule mngurumo ukaanza. Kabla sijaipata rimoti, mlango wa chumbani ukafunguliwa kwa kishindo.

"Mwanangu, toka nje! Ardhi inacheza!"

Alikuwa peku, kanga imemdondoka begani, amenishika mkono ananivuta. Unajua, alinifuata mimi kwanza. Angeweza kutokea mlango wa nyuma.

Nilizima. Nikafungua mdomo nimweleze, tena kicheko kilikuwa kimeshanifika kooni. Ndipo akasema, "Nyumba hii si ya kulala mtu. Kama si macho haya, ningerudi kwangu leo."

Kicheko kikaisha. Nikamwambia, "Mama, mimi sijasikia kitu."

Basi. Ni maneno manne tu. Kuanzia hapo nikawa nafanya kwa makusudi. Nilikuwa nainamisha sabufa, natoa vile vipande, navificha kwenye kikapu cha vitambaa, nangoja alale kupumzika, nabonyeza. Dakika moja, mbili, nazima. Akitoka namkuta usoni amepauka.

"Hukuhisi?"

"Sijahisi kitu, mama."

Jioni nilikuwa narudisha mpira mahali pake. Mume wangu akifika anaambiwa nyumba inatetemeka. Mwanzoni alihangaika, akaingia chini ya sakafu na tochi kukagua boriti, akatoka na utando wa buibui kichwani. Alilala akaweka sikio kwenye mbao. Hakuna kitu.

"Yeyo, nyumba iko imara," akamwambia mama yake.

"Mwanangu, mimi nimeishi chini ya mlima ule miaka yote. Nitashindwa kujua ardhi ikitikisika?"

"Mbona wengine hatuhisi?"

Akanitazama mimi. Mimi nikatazama sufuria.

Alipelekwa kwa daktari. Presha kidogo, umri, wasiwasi, akapewa vidonge vya kumtuliza. Akaja mchungaji, akaombewa sebuleni, na mkono wake mmoja mchungaji alikuwa ameuegemeza juu ya ile sabufa! Nilisema amina kuliko wote. Na polepole nikaona mume wangu anaanza kuongea na mama yake kwa sauti ile anayotumia kwa mtoto wetu mdogo. Anamkatia nyama. Anamwuliza kama ameenda chooni. Mwanamke aliyezalisha ng'ombe kwa mikono yake!

Halafu mpango wangu ukanigeukia. Nilitegemea aseme anarudi kwake. Mume wangu akaniita, akanishika mabega, akasema, "Mama watoto, kwa hali ile hawezi kuishi peke yake. Atakaa na sisi moja kwa moja. Nashukuru Mungu kwamba ana wewe."

Nilitamani sakafu ipasuke. Mama naye alikuwa ameanza kunifuatafuata kila niendapo, ananishukuru. "Wengine wananicheka au wananihurumia," aliniambia. "Wewe unanisikiliza."

Ndipo nikapata huruma, na huruma yangu nayo ilikuwa ya kijinga. Sikusema ukweli. Nilisema nitamponya mwenyewe, kimyakimya. Nikamwambia, "Mama, ni kichwa tu kinachoka. Ikianza usikimbie, utaanguka. Lala, fumba macho, hesabu. Ukifika hamsini itakuwa imepita."

Na kweli ilikuwa inapita! Nilisimama nyuma ya mlango na rimoti, namsikia anahesabu kwa sauti ya chini, arobaini na saba, arobaini na nane, nami nabonyeza. Alifurahi kama mtu aliyepewa dawa. Nilifanya hivyo mara tatu, kisha nikarudisha mpira kwa mara ya mwisho na flashi nikaitupa chooni. Nikajiambia yameisha.

Mimi niliacha. Yeye hakuacha. Nilimkuta tena na tena amelala, midomo inacheza, anahesabu, na nyumba imetulia kabisa. Nilisimama pale mlangoni hadi alipofika hamsini.

Sasa tufike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, wote tuko nyumbani, uji mezani. Ardhi ikatikisika. Si sabufa. Ardhi! Kama umewahi kuwa Arusha inapotikisika unajua, mbwa wanabweka kwanza, mabati yanalia, halafu miguu inakuwa si yako. Mtaa mzima ulitoka mbio. Mume wangu akambeba mdogo, mimi nikamkokota mkubwa, tukajikuta uwanjani na majirani, mmoja ana povu la sabuni kichwani. Nikahesabu vichwa vyetu. Nikahesabu tena.

"Mama yuko wapi?" mume wangu akauliza.

Mimi nilijua yuko wapi. Katika watu wote pale uwanjani, mimi peke yangu nilijua.

Tulimkuta kitandani, chali, macho ameyafumba. Masanduku ya vitambaa vyangu niliyokuwa nimeyapanga juu ya kabati yalikuwa yameanguka na ubao wa rafu, na mkono wake wa kulia ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Hakupiga kelele. Alikuwa anahesabu.

"Yeyo! Hii ilikuwa kweli! Kwa nini hukutoka?"

Akafumbua macho, akanitafuta mimi. "Nimefika hamsini mara mbili, mwanangu," akasema. "Haijapita."

Mume wangu akadhani amechanganyikiwa kwa maumivu. Mimi nilianza kumtolea masanduku, sikuthubutu kumtazama.

Mkono uliungwa vibaya. Daktari alisema mifupa ya umri ule haina haraka, na vidole viwili havikunjiki tena. Kiganja kile anachowekea ng'ombe. Wifi yangu akamchukua kwenda kumwuguzia kulekule kwa mama, mlimani, na mimi chumba changu nikarudishiwa, na mwanga wake wote. Sijashona humo hata kifungo. Bado niko barazani.

Wiki iliyopita nilishindwa. Nikapanda bodaboda hadi kwa mama. Alikuwa amekaa nje na mkono umefungwa, nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia kwa furaha akataka kuinuka anichemshie maziwa. Nikapiga magoti kwenye majani. Nikamwambia yote. Mpira, flashi, rimoti, mlango. Nililia mpaka pua ikanivuja na sikuifuta.

Alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akaniwekea mkono mzima kichwani.

"Mwanangu, usijitwishe ugonjwa wangu," akasema. "Naona unavyokonda. Unataka nijione mzima, ndiyo maana umetunga yote hayo."

"Mama, sijatunga! Ni kweli! Ni ile redio kubwa ya sebuleni!"

Akacheka, kwa upole. "Redio itikise nyumba? Redio ninayo tangu nimeolewa." Akanifuta uso kwa kanga yake. "Mkwe mbaya hawezi kuja kupiga magoti. Mimi watu nawajua."

Nilimsihi twende Kijenge nimwonyeshe kwa macho yake. Akakataa katakata. Alisema nyumba ile ndiko ugonjwa ulikomwanzia, na hatakanyaga tena. Ng'ombe mmoja alikuwa anatafuna kando yetu. Kisha nikamwona anashika ukingo wa kigoda, midomo inaanza kucheza.

"Sasa hivi," akaninong'oneza. "Imeanza. Unahisi?"

Nilivua viatu. Nakuapia nilivua viatu, nikabandika nyayo zote mbili chini, nikaomba ardhi itikisike. Ilikuwa imetulia. Ningemdanganya kwamba nahisi? Nilimdanganya vya kutosha.

"Sihisi kitu, mama."

Akatikisa kichwa, akafumba macho, akaendelea kuhesabu. Siku ile nilisema kweli tupu, na haikuwa na tofauti yoyote kwake.

Utaniuliza kwa nini nisimwambie mume wangu, ili mama amwamini mwanawe. Naogopa, ndilo jibu. Flashi nilishaitupa, lakini fundi yupo, sabufa ipo, mpira upo, ila nikishamwambia sijui kama nitakuwa na nyumba. Lakini nimeona hakuna njia nyingine. Jumapili hii baada ya ibada tunapanda kwa mama wote, na nitamwambia mume wangu mbele ya mama. Acha anifukuze. Labda akinifukuza mama ataamini.

Ninyi mlioolewa, na ninyi mnaoishi na mtu mliyemchoka, nawaomba. Ukitaka mtu aondoke, mwambie aondoke. Nuna, gomba, itisha kikao cha ukoo, rudi kwenu. Utaitwa mbaya na yatapita. Usimwambie mtu kwamba hahisi anachokihisi. Mimi nilihitaji siku chache tu na rimoti kumfanya mama yule asijiamini. Kumrudisha nimeshindwa, na nimejaribu kwa magoti.