Ngazi za Kushukia Bondeni

Wamezijenga upya ngazi! Wamezing'arisha, wametia vyuma vya kushikilia pande zote mbili, na juu yake wamesimamisha kibao chenye picha ya familia inayocheka. Kila nikipita pale damu inanichemka. Ngazi ni ngazi tu, hata ukizipaka dhahabu, na mama yangu hawezi kuzishuka.

Tunaishi St. James Town, mtaa wa maghorofa huku ughaibuni, ghorofa ya kumi na nne. Kutoka dirishani kwetu unaliona bonde lote, miti yake na njia ya miguu inayofuata mto. Mama alipokuja kutoka Tanga kuishi nami, kiti chake kilikuwa pale dirishani. "Mwanangu, nipeleke na mimi nikatembee kule mtoni," aliniambia kila Jumamosi. Wakati huo alikuwa akitembea kwa mkongojo, na daktari alimsisitiza atembee, asikae tu. Atembee wapi? Kwenye korido? Eti lile bonde ni bustani ya watu wote! Upande wetu waliweka ngazi za mbao zilizooza. Upande wa pili, kwenye nyumba za wenye nazo, kuna mteremko laini wa lami, na huko mbwa wazee wanateremshwa kwa vigari vya watoto. Nimeona kwa macho yangu, sikusimuliwa.

Siku moja watu wa mipango ya bustani wakaja kwenye ukumbi wa jengo letu kutuuliza maoni. Walileta ramani na stika za rangi. Mama alijiandaa kama anayekwenda harusini: kanga mpya, bakuli la maandazi, chupa ya chai ya tangawizi. "Leo twende tukawaeleze," akasema. Dada mmoja mwenye kalamu akamwuliza anaionaje njia ya kushukia bondeni. Nikatafsiri. Mama akatabasamu.

"Nzuri, mwanangu. Tunashukuru sana. Karibuni chai."

Nami, mjinga mimi, nikapeleka neno kwa neno. Nzuri. Anashukuru. Yule dada akaandika, akachukua andazi, akahamia meza nyingine. Mama alikuwa ananitazama, ananisubiri. Nikadhani anataka chai, nikammiminia.

Kwetu mgeni hapokewi kwa kero. Mtu ana homa inamtetemesha, ukimwuliza hali atakwambia hajambo. Salamu kwanza, chai ifuate, watu wazoeane, ndipo utasikia: "Ila sasa, kuna kajambo kadogo." Wale hawakuwa na muda wa kajambo kadogo. Hata chupa ya chai haijaisha, ramani zimeshakunjwa.

Majira mawili ya baridi yakapita. Katikati yake mama akapata kiharusi, akawa mtu wa kiti cha magurudumu. Halafu mafundi wakaja, wakang'oa ngazi mbovu na kujenga ngazi mpya. Ngazi tena! Nikapiga simu ofisini kwao. Aliyepokea akaniambia kwa upole kwamba wakazi wa upande wetu waliulizwa wakasema njia ni nzuri, na imeandikwa.

"Bibi mwenye mkongojo anawaambia ngazi ni nzuri, na hakuna hata mmoja wenu aliyejiuliza?" Nilifoka mpaka jirani akagonga ukuta. Simu ikakatwa. Sijui nani aliikata, mimi au yeye.

Siku ya ufunguzi tukaalikwa. Nikamsukuma mama mpaka juu ya ngazi, magurudumu yakakomea pale. Mkubwa wao akainama, akamwuliza anaonaje.

"Nzuri," mama akajibu kwa Kiswahili. "Hongereni kwa kazi."

Safari hii sikutafsiri. Nilimwambia yule mkubwa kwa Kiingereza, kwa sauti iliyofika barabarani, kwamba ni mbaya, tena mbaya sana. Kwamba mama yangu anautazama mto huu kupitia kioo tangu afike nchi hii. Kwamba walichojenga ni mahali pa kupigia picha. Mkubwa akasema atalifikisha, akaandika kitu kwenye simu yake.

Nikageuza kiti tukaondoka. Kusema kweli nilijiona shujaa. Tulipofika kwenye lifti nikamwomba mama radhi kwa kuyageuza maneno yake mbele za watu. Nilijua atanigombeza.

"Radhi ya nini?" akasema, hanitazami. "Mtu mzima hajililii shida zake mbele ya wageni. Ndiyo maana huenda na mwanawe. Haya uliyoyasema leo, nilikupeleka ukayaseme siku ile, nilipokuwa bado na miguu."