Ngome ya Kijijini kwa Vitthal

Twaha, kijana wa Muheza, alifika Doha mwaka 2006, akapewa kazi ya kupaka rangi na kitanda katika chumba cha watu wanane, kwenye eneo la viwanda liitwalo Industrial Area. Kwenye kitanda cha chini yake alilala Vitthal, mwashi wa Kihindi aliyemzidi miaka ishirini na ushei. Twaha alimwita Kaka. Kwa kina Vitthal neno hilo ni baba mdogo, kwa kina Twaha ni ndugu. Kila mmoja aliridhika na maana yake.

Ijumaa, Twaha akisharudi kutoka msikitini, walikaa kumenya vitunguu, na Vitthal alikuwa na hadithi moja tu: ngome iliyobomoka juu ya mlima wa kijijini kwao. Alieleza jinsi askari mia tatu walivyozingirwa humo miezi saba, wakinywa maji ya mvua kwenye mabirika yaliyochongwa mwambani. Jinsi lango lilivyopigwa miba ya chuma ili tembo wa vita wasilisukume. Na jinsi Waingereza walivyokuja kuzilipua ngazi kwa baruti, asipande tena mtu wa kuwapinga. Wenzao chumbani walimchoka. Twaha hakumchoka. Baba yake alifariki yeye angali mchanga, na hakuna mtu mzima aliyewahi kumkalisha chini akamsimulia jambo mpaka mwisho.

Mwaka 2012 mkataba wa Vitthal ulikwisha. Siku ya kuondoka alimshika Twaha mkono.

"Uje. Nitakupandisha mwenyewe."

"Nitakuja, Kaka. Likizo ijayo."

Likizo iliyofuata mama yake Twaha aliugua. Iliyofuata, dada yake aliolewa. Simu za Vitthal zikapungua, kisha zikakatika kabisa. Ndipo mwaka 2017 Twaha akakata tiketi ya Mumbai.

Sunanda, binti wa Vitthal, alimpokea mlangoni kwao kijijini akiwa ameinamisha uso. "Baba hakumbuki mtu," alimwambia kwa Kihindi, lugha ambayo Twaha alijifunza chumbani Doha. "Hata mimi ananiita kwa jina la shangazi yangu."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa tatu huu."

Vitthal akatokea nyuma yake, amekonda, macho maangavu. "Umekuja kuona ngome?"

"Ndiyo, Kaka."

"Basi twende."

Walipanda watatu. Mzee alitangulia, hakosei hata jiwe moja, akieleza habari za tembo, miba na baruti kwa maneno yale yale ya Ijumaa. Twaha alihema nyuma yake, akisikiliza kama mgeni. Juu kabisa, kwenye birika lililojaa majani, Vitthal aliketi.

"Nilikuwa na rafiki Mwafrika kule Qatar," alisema. "Kijana mwema. Aliniahidi atakuja."

"Ni mimi, Kaka. Mimi ndiye Twaha. Nimekuja."

Mzee alimtazama kwa huruma, akatazama mvi zilizokuwa zimeanza kichwani mwake. "Hapana, bwana," alisema taratibu. "Twaha ni kijana."

Akainuka kwenda kuonyesha ukuta wa kaskazini. Sunanda aligeukia bondeni, mabega yakimtetema.

Twaha alikaa siku tatu. Kila asubuhi mzee alimuuliza kama amekuja kuona ngome, na kila asubuhi alijibu ndiyo, wakapanda.

Miezi miwili baadaye Sunanda alipiga simu: baba yake amefariki. Twaha alikuwa juu ya jukwaa akipaka rangi nyumba moja ya Muaither, kule kule Doha. Alishuka, akakaa nyuma ya tangi la maji, akalia huku ameuma kofia yake ili wenzake wasisikie. Msimamizi alimpa dakika kumi, kisha akamrudisha ukutani.